Kilo 43: Mhadhara Juu ya Ndege Ndogo Zinazoanguka Zinapopaa

Mabibi na mabwana, wanafunzi wa urubani na wa ufundi wa ndege, na nyinyi wakazi wa Nairobi West, Lang'ata na Kibera mliokuja kwa sababu ndege hazikomi kupita juu ya mapaa yenu, nawashukuru kwa kuitoa alasiri ya Jumamosi kwa jambo zito kama hili. Juu ya meza hii nimeweka rafadha, yaani kile chombo cha mapanga mawili kinachozunguka kwenye pua ya ndege ndogo. Ilitoka kwenye ndege ya mafunzo iliyoanguka zamani bila kumuua mtu, na mwenyewe alinipa niitumie kufundishia. Panga lake moja limejipinda kama herufi S, na ukilitazama kwa karibu utaona mikwaruzo iliyokatiza upana wake kutoka ukingo hadi ukingo. Panga la pili limekunjika kwenda nyuma tu, tena kidogo. Naomba isiguswe kwa sasa, tutairudia.

Mada yangu ni ajali za ndege ndogo wakati wa kupaa, na namna zinavyochunguzwa. Abiria wengi ninaokutana nao huogopa zaidi kutua, labda kwa sababu wakati huo ndipo wanapoiona ardhi ikiwajia. Ni kweli kwamba ndege ndogo huharibika mara nyingi zaidi zinapotua, lakini nyingi kati ya ajali hizo huishia kwenye gurudumu lililovunjika, bawa lililokwaruzwa na rubani aliyeaibika. Kupaa ni habari nyingine. Ndege inapoinuka huwa imebeba mafuta na mzigo wake wote, injini inafanya kazi kwa nguvu zake zote, na rubani hana akiba ya kimo wala ya kasi. Injini ikizima akiwa futi 5,000 juu ya ardhi, anaweza kutafuta shamba la kutua. Ikizima akiwa futi 200, na mbele yake kuna mabati, nyaya za umeme na shule ya msingi, ana sekunde chache tu, na katika sekunde hizo inampasa afanye jambo ambalo mwili wake wote unalikataa, nalo ni kuishusha pua ya ndege ilhali ardhi tayari iko karibu.

Najua kwamba wengi wenu mmekuja na ajali za karibuni akilini. Tarehe 7 Agosti 2025 jeti ndogo iliyokuwa ikielekea Hargeisa ilianguka Mwihoko muda mfupi baada ya kuondoka hapa kwenye uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, na watu 6 wakafa, wawili kati yao wakiwa ardhini. Tarehe 28 Oktoba mwaka huohuo Cessna Caravan iliyokuwa imetoka Diani ikielekea Maasai Mara ilianguka Kwale, wakafa wote 11 waliokuwamo. Sitazungumzia chanzo cha ajali yoyote kati ya hizo mbili. Kazi hiyo ina wenyewe, na mhadhiri anayekisia hadharani huwaumiza waliofiwa mara mbili: anapokisia, na siku inapobainika kwamba alikosea. Nimechagua ajali ya mbali na ya miaka mingi, ambayo ripoti yake imekamilika na iko wazi kwa kila mtu. Nimeichagua pia kwa sababu ilitokea katika mji ambao, kwa mwinuko, ni jirani yetu.

Mji huo ni Cheyenne, katika jimbo la Wyoming nchini Marekani. Uwanja wake wa ndege uko futi 6,156 juu ya usawa wa bahari. Wilson uko futi 5,500 na ushei. Tarehe 10 Aprili 1996, msichana wa miaka 7 aitwaye Jessica Dubroff, baba yake, na mwalimu wake wa urubani waliondoka Half Moon Bay, California, kwenye uwanja ulio kando ya bahari, kwa ndege aina ya Cessna 177B yenye injini moja ya nguvu za farasi 180. Nia yao ilikuwa kuvuka Marekani hadi pwani ya mashariki na kurudi, mtoto akiwa ameshika usukani huku magazeti na televisheni zikifuatilia kila kituo. Kisheria mtoto hakuwa rubani. Rubani alikuwa mwalimu. Baba alikuwa ameagiza kofia maalumu za kugawa njiani, na shirika moja la televisheni lilikuwa limempa kamera airekodi safari kutoka ndani. Usiku wa kwanza walilala Cheyenne.

Asubuhi ya tarehe 11 dhoruba ya radi ilikuwa ikiukaribia uwanja. Mwongoza ndege aliwaarifu kwamba mwonekano umeshuka hadi maili 2 na robo tatu, wakati anayeruka kwa kutegemea macho huhitaji maili 3, akawauliza wanakusudia kufanya nini. Mwalimu aliomba kibali maalumu cha kuondoka katika hali hiyo, akapewa. Rubani wa ndege ya injini mbili aliyewatangulia kupaa aliripoti kwamba upepo wa karibu na ardhi ulikuwa ukigeuka ghafla kiasi cha kuipandisha na kuishusha kasi ya ndege yake kwa karibu kilomita 28 kwa saa. Saa mbili na dakika 24 asubuhi wakapaa wakielekea kaskazini magharibi, kwenye mvua, wakaanza kugeuka kulia ili kuiepa dhoruba. Walioshuhudia waliiona ndege ikipanda kwa taabu, pua ikiwa juu na mabawa yakiyumba, kisha ikaanguka karibu wima kwenye barabara ya mtaa wa makazi. Wote watatu walikufa. Wenyeji wa mtaa huo walinusurika.

Marekani nzima ilibishana juu ya mtoto: kama ni halali kumpa usukani mtu wa miaka 7, kama mzazi ana haki ya kutafuta sifa kwa njia hiyo, na kabla mwaka haujaisha bunge lao lilikuwa limepitisha sheria ya kuzuia safari za namna ile. Sisemi mabishano hayo hayakuwa na maana. Nasema tu kwamba Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri, ambayo ndiyo iliyochunguza, ilianza na hewa, uzito na upepo, vitu ambavyo havijali umri wa mtu.

Tuanze na hewa, maana ndiyo inayotuhusu zaidi sisi wa Nairobi, na ndiyo isiyoonekana. Mpishi aliyezoea Mombasa akija kupika maharagwe hapa hulalamika kwamba hayaivi. Moto hauna kosa; maji ya Nairobi huchemka kabla hayajafika nyuzi 95, kwa sababu hewa inayoyakandamiza kutoka juu ni pungufu. Upungufu huohuo ndio unaoikuta ndege. Katika mwinuko wa Wilson, hata siku ambayo joto ni lile la kawaida kwa mwinuko huo, hewa ina takriban asilimia 85 tu ya uzito wa hewa ya ufukweni. Hasara yake huingia kwa milango mitatu kwa wakati mmoja. Injini ya pistoni isiyo na turbo ya kuisukumia hewa huvuta hewa kidogo, hivyo huchoma mafuta kidogo na kutoa nguvu kidogo. Rafadha nayo ina hewa chache ya kusukuma nyuma. Na bawa, ili lipate uinuo uleule, yaani nguvu ya kuibeba ndege juu, lazima likimbie kwa kasi kubwa zaidi kuliko ambavyo lingekimbia Malindi.

Halafu kuna joto, ambalo huipanua hewa na kuifanya nyepesi zaidi. Vitabu vya urubani huchukulia kwamba katika futi 5,500 joto la kawaida ni nyuzi 4. Waliozaliwa Nairobi wanacheka, kwa sababu hata Julai hatufiki hapo mchana. Chukueni alasiri ya Februari yenye nyuzi 26: tofauti ni nyuzi 22, na kila nyuzi moja huongeza takriban futi 120 kwenye mwinuko ambao ndege inauhisi. Fanyeni hesabu wenyewe, mtapata kwamba ndege iliyosimama pale Wilson, magurudumu yakiwa kwenye lami, injini na mabawa yake yanafanya kazi kana kwamba iko karibu futi 8,000 juu ya bahari. Injini ya farasi 180 inaweza kuwa imebakiwa na farasi 140 hivi. Asubuhi ile Cheyenne ilikuwa na baridi, kwa hiyo mwinuko waliouhisi haukupita sana ule wa ramani. Kwa maneno mengine, alasiri ya kawaida ya hapa kwetu ni mbaya kuliko asubuhi iliyowaua wao, kwa upande wa hewa peke yake.

Jambo la hatari zaidi katika hewa nyepesi ni kwamba humdanganya rubani mwenyewe. Kipima kasi kilicho mbele yake hupima kwa msukumo wa hewa, kwa hiyo humwonyesha namba ileile anayoijua kutoka pwani, lakini kasi halisi ya ndege juu ya ardhi ni kubwa zaidi kwa karibu asilimia 13 katika futi 8,000 nilizozitaja. Nyasi za kando zinampita mbio. Njia ya kurukia inaisha mapema kuliko alivyozoea, miti inakaribia, na macho yanamwambia kwamba kasi anayo tele, hivyo kishawishi ni kuivuta pua juu ili apande haraka. Bawa lenyewe halijui habari ya nyasi. Pua ikivutwa kupita kiasi, hewa inayopita juu ya bawa hubanduka, uinuo hupotea ghafla, na ndege ambayo sekunde moja iliyopita ilikuwa inapanda huanguka kama kitu kilichoachiliwa mkononi. Ndege inapolala upande ili igeuke, bawa huhitaji kasi zaidi bado: mlalo wa nyuzi 30 huongeza kasi inayohitajika kwa asilimia 7, na wa nyuzi 45 huongeza asilimia 19. Mwalimu aliyeishi na kufundisha kando ya bahari alijua haya yote kwa kuyasoma. Mikono yake ilikuwa imejifunzia mahali pengine.

Sasa uzito. Wachunguzi walikokotoa kwamba ndege ya Cheyenne ilikuwa imezidisha pauni 96 juu ya uzito wa juu unaoruhusiwa wakati wa kupaa, ambao kwa aina ile ni kilo 1,134. Pauni 96 ni kilo 43 na kitu. Gunia letu la mahindi ni kilo 90, kwa hiyo tunazungumzia nusu gunia, chini ya asilimia 4 ya uzito wote. Ninapoitaja namba hii darasani, daima kuna mwanafunzi anayetabasamu, na ninamwelewa. Matatu gani ya Nairobi iliyowahi kusimama kwa ajili ya nusu gunia?

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya abiria pale Wilson, safari ya kwenda kaskazini. Katika ndege hizi ndogo mizigo huwekewa kikomo, mara nyingi kilo 15 pamoja na mkoba wa mkononi, na kwa baadhi ya safari abiria mwenyewe hupanda mizani. Mbele yangu alikuwa mzee mmoja mwenye kanzu safi na fimbo, pamoja na mjukuu wake wa kiume wa miaka kama 12. Alipoitwa, alivua koti lake zito, akatoa mifukoni simu mbili, tochi na kifurushi kilichofungwa kwa gazeti, akamkabidhi mjukuu vyote, kisha akapanda mizani kwa utulivu wa mtu anayekwenda kupiga picha. Karani akaandika namba. Mzee akashuka, akavaa koti, akarudisha vitu vyake kimoja baada ya kingine. Mjukuu alikuwa ameshapimwa tayari. Nilimsogelea nikamwambia kwa heshima, "Mzee wangu, shikamoo, hicho kifurushi hakikupimwa." Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye sikuelewa mambo ya dunia, akasema, "Mwanangu, wakikipima watanitoza." Nilikwenda kumwambia karani, na mzee hakunisemesha tena mpaka tulipotua. Simlaumu hata leo. Katika maisha yake yote mizani ilikuwa chombo cha kumtoza mtu pesa, na hakuna aliyewahi kumweleza kwamba namba ile inakwenda kwa rubani, ambaye ataitumia kutafuta kwenye jedwali ni mita ngapi za lami anazihitaji.

Uzito una jambo la pili, nalo ni mahali ulipokaa. Tarehe 25 Agosti 2001 ndege aina ya Cessna 402B ilianguka mara tu baada ya kupaa Marsh Harbour, Bahamas, na kuwaua watu 9, akiwemo mwimbaji Aaliyah. Ilikuwa imebeba kupita kiasi, na mzigo wake ulikuwa umeelemea nyuma kupita mpaka unaoruhusiwa. Kama hamjaona maana yake, nendeni sokoni Marikiti asubuhi mkatazame mkokoteni uliojazwa viazi nyuma ya ekseli: mishikio inapanda juu, na mvutaji ananing'inia hewani miguu ikipapasa lami. Ndege iliyoelemea nyuma hufanya hivyohivyo. Pua inataka kupanda yenyewe, na usukani unaweza usiwe na nguvu za kutosha kuirudisha chini. Ajali ile ilikuwa na mambo mengine ya kusikitisha kuhusu rubani, lakini hata kama angekuwa rubani bora wa visiwa vile, mkokoteni ungebaki umeelemea nyuma.

Wachunguzi huyajuaje haya yote? Watu hudhani kuna kisanduku cheusi kinachosema kila kitu. Ndege ndogo nyingi hazina kisanduku hicho, wala kanuni haziwalazimishi wenye ndege hizo kukiweka. Kwa hiyo mchunguzi hufika na daftari, kamera, tepu ya kupimia na subira. Nikiwa fundi kijana niliwahi kushika ncha ya tepu kwenye eneo la ajali, mbali na hapa, kwenye nyasi zilizolowa umande. Kitu cha kwanza nilichokisikia ni harufu ya petroli ya ndege, na mkubwa wetu alifurahi kuisikia, jambo lililonishangaza. Alinieleza kwamba harufu ile ni ushahidi: tangi halikuwa tupu. Kisha akaniagiza nikusanye mizigo yote iliyotawanyika, kila mkoba, kila kiatu, paketi ya unga iliyopasuka, tukavipima kimoja kimoja kwa mizani tuliyoazima kwa mama mmoja muuza viazi sokoni. Mama yule alisimama kando akitazama, na tulipomrudishia mizani aliisugua kwa leso yake kwa muda mrefu bila kusema neno.

Vitu vidogo ndivyo vinavyozungumza. Balbu ya taa ya tahadhari, kwa mfano: uzi wake ukiwa unawaka wakati wa kishindo huwa umelainika kwa joto, hivyo hunyooka na kurefuka kabla ya kukatika, na chini ya hadubini mchunguzi anaweza kusema kwamba taa ile ilikuwa imewaka mbele ya macho ya rubani. Vibawa vya nyuma ya bawa, ambavyo rubani huvishusha ili kuongeza uinuo, mara nyingi huendeshwa na skrubu ndefu. Hata kama bawa limesagika, urefu wa skrubu uliobaki wazi hupimwa kwa rula, na kutokana nao hujulikana vibawa vilishushwa kiasi gani. Mafuta huchukuliwa sampuli kutoka kwenye lori lililoijaza ndege, na lori hilo huzuiwa lisihudumie ndege nyingine mpaka majibu yatoke. Mashahidi huhojiwa mmoja mmoja, mapema, kabla hawajakaa pamoja na kukubaliana. Karibu kila shahidi husema injini ilikohoa kisha ikazima, hata pale ambapo injini ilikuwa nzima mpaka dakika ya mwisho. Sikio la binadamu likisikia kishindo hurudi nyuma kutafuta sababu.

Na rafadha, ambayo tutaifikia.

Ripoti ya Cheyenne ilitoka mwaka 1997. Bodi ilisema kwamba chanzo ni uamuzi mbaya wa rubani, yaani mwalimu, wa kupaa katika hali ya hewa iliyokuwa ikiharibika, ndege ikiwa imezidi uzito na hewa ikiwa nyepesi kuliko aliyoizoea, akashindwa kuilinda kasi mpaka bawa likapoteza uinuo. Mwishoni ikaongeza kwamba jambo lililochangia ni hamu ya kuifuata ratiba iliyobana kupita kiasi, kwa sehemu kwa sababu ya ahadi zilizotolewa kwa vyombo vya habari. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi, na naiheshimu Bodi, lakini kama ningekuwa mwandishi wake ningeanza na ile ratiba. Mvua ilikuwa inaonekana. Upepo ulikuwa umeripotiwa. Uzito ungeweza kukokotolewa kwa kalamu usiku uliotangulia, hotelini. Hakuna kilichofichwa hata kimoja, na mwalimu hakuwa mjinga. Kilichoyafanya yote yaonekane madogo ni kwamba kuna watu waliokuwa wakisubiri kwenye kituo kinachofuata.

Kwa hiyo ninaposikia watu wetu wakisema "kosa la rubani" na kufunga mazungumzo, huwa nauliza: nani alikuwa akimsubiri? Hapa Nairobi anayesubiri anaweza kuwa mheshimiwa mwenye mkutano wa hadhara, mtalii mwenye ndege ya kimataifa usiku, mgonjwa, au mfanyabiashara wa miraa ambaye mzigo wake hunyauka kwa saa. Rubani kijana anayelipwa kwa saa za kuruka, na ambaye anajua kuna wengine kumi wanaoitaka kazi yake, hupimwa na watu hawa kila siku. Sijawahi kuona jedwali la kupimia uzito huo.

Hata hivyo sitaki mwondoke hapa mkidhani kwamba kila kitu ni haraka. Tarehe 24 Januari 2003 ndege iliyobeba mawaziri wa serikali iliyokuwa mpya wakati ule ilipaa kutoka uwanja mdogo wa Busia, ikagonga nyaya za umeme, na kumuua Waziri wa Kazi, Ahmed Khalif, pamoja na marubani wawili. Waya ulio mbele ya njia ya kurukia haukuwekwa na rubani. Nayo ajali mbaya kuliko zote za kupaa zilizowahi kutokea katika jiji hili ilikuwa ya ndege kubwa, Boeing 747 ya Lufthansa, pale Embakasi tarehe 20 Novemba 1974. Ndege ile iliinuka kidogo tu, ikatetemeka, ikarudi chini baada ya kuupita mwisho wa njia ya kurukia, na watu 59 kati ya 157 wakafa. Vibawa vya mbele ya mabawa havikuwa vimefunguka, kwa sababu mfumo wa hewa unaoviendesha haukuwa umewashwa, na ndani ya chumba cha marubani hapakuwa na king'ora cha kuwaonya. Kosa la aina hiyo lilishawahi kuripotiwa mahali pengine, na ndege zile zikaponea. Hapa, katika hewa yetu, halikusameheka. Baada ya Embakasi ndipo mfumo wa onyo ulipoongezwa, na kila anayepaa leo kwa 747, popote duniani, anapaa na kitu kilichotokana na nyasi za hapa nyumbani.

Niseme machache kuhusu sheria, maana swali hili huulizwa kila mara: kwa nini ripoti haimtaji wa kufungwa jela? Tangu mwaka 1951 nchi wanachama wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga zinafuata Kiambatisho cha 13 cha mkataba wao, na hicho kinasema kwamba lengo pekee la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, wala si kugawa lawama au dhima. Nchi ilikotokea ajali ndiyo huongoza. Kwetu ni Idara ya Uchunguzi wa Ajali za Ndege. Nchi iliyotengeneza ndege na ile iliyotengeneza injini zina haki ya kutuma wawakilishi, ndiyo maana Caravan ikianguka Kenya utawaona Wamarekani kwa ajili ya ndege na Wakanada kwa ajili ya injini. Ripoti ya awali hutarajiwa ndani ya siku 30, na ya mwisho ndani ya miezi 12 ikiwezekana. Polisi na mahakama wana kazi yao, na hawazuiwi kuifanya. Lakini fundi akijua kwamba kila neno atakalomwambia mchunguzi litamrudia kortini, hatasema kwamba aliisahau boliti, na boliti hiyo itasahauliwa tena.

Malalamiko yangu mimi ni mengine. Ripoti hizi huandikwa kwa Kiingereza cha wahandisi, na mama wa Mwihoko, ambaye ukuta wake ulianguka, hataisoma. Mzee wangu wa mizani hataisoma. Sioni kwa nini kurasa tano za muhtasari zisiandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa kwa chifu. Maneno yapo. Nimezungumza nanyi karibu saa nzima juu ya uinuo, uzito na hewa, na hakuna aliyeniomba tafsiri.

Sasa njooni kwenye meza, wawili wawili, wanafunzi watangulie. Kumbukeni kanuni: rafadha inayozungushwa na injini yenye nguvu, ikigusa ardhi, hujipinda kama S na hukwaruzwa kukatiza upana, kwa sababu bado inakata. Ile ambayo injini yake imezima hukunjika kwenda nyuma tu, kama kijiko. Pitisheni kidole kwenye panga hili, kisha kwenye lile jingine, taratibu, maana kingo bado ni kali, halafu kila mmoja aniandikie kwenye karatasi kama injini ilikuwa inavuta au la. Nilipoulizwa mimi, nilitazama panga moja, nikajibu haraka, nikakosea.